Saa Mbili Hadi Saa Sita

Hodi ya tatu ndiyo iliyojibiwa.

“Karibu! Ni nani?” sauti ya mwanamke iliuliza kutoka ndani.

Nangila alifungua mdomo ajitaje, kisha akaufunga tena. Angejiita nani katika nyumba hii? Wiki tano zilizopita angejiita mkwe, kwa mzaha tu, naye Farid angemcheka kwa haraka yake. Leo, Jumamosi mchana, alikuwa amesimama peke yake mbele ya mlango wa kijani nyuma ya msikiti, mjini Bungoma, na bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya chuo. Barua ilisema kwamba Farid Alwi hana hatia. Haikusema mwenye hatia ni nani, lakini yeye aliyeibeba alimjua vizuri.

Mlango ulifunguliwa. Mwanamke wa makamo, mrefu, mtandio mweusi kichwani na unga wa chapati mikononi, alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, kisha akarudi kwenye viatu.

“Kumbe ni wewe.”

“Ni mimi, mama. Naitwa Nangila. Nimetoka Kitale, kule chuoni.”

“Nakujua. Picha yako imekaa kwenye simu ya mwanangu mwaka mzima, na mimi nikimwambia aitoe.” Mama Hawo, mama yake Farid, alisogea kando akaacha nafasi ya mtu mmoja kupita. “Ingia, jua ni kali. Kwetu mgeni hafukuzwi mlangoni, hata awe ndiye aliyekuibia.”

Nangila akaingia kichwa kimeinama. Akaonyeshwa mkeka, akakaa. Akaletewa maji ya baridi kwenye gilasi iliyopanguswa vizuri, na wema huo ukamuuma kuliko matusi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi tangu gari lilipopita Kiminini, mahali ambapo aligeuza uso asiuone mji.

“Farid yuko dukani kwa babake,” Mama Hawo alisema. “Akitoka kuswali adhuhuri atakuja kula. Utamngoja?”

“Nitamngoja, mama.”

“Ngoja basi.”

Tusimwonee huyu binti wa watu. Afadhali kisa kielezwe kilivyokuwa, halafu kila mtu amhukumu apendavyo.

Nangila alikuwa msimamizi wa wanafunzi wanaofanya kazi maktabani, katika chuo kikuu kimoja pale Kitale. Wanafunzi thelathini na wawili walikuwa chini yake, wengine wakipanga vitabu rafuni, wengine wakikaa dawatini, na kila mmoja alikuwa na karatasi yake ya saa. Ni karatasi ya kawaida tu: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Mwisho wa mwezi Nangila alizikusanya, akazipitia moja moja, akatia sahihi na muhuri, zikaenda kwa mkuu wa wanafunzi. Usimamizi huo ulikuwa na kanuni nyingi, lakini mbili ndizo zilizomhusu zaidi. Ya kwanza, msimamizi asitie sahihi jambo ambalo hakulihakikisha. Ya pili, msimamizi asipendane na anayemsimamia.

Ya pili ndiyo aliyoanza kuivunja. Farid alikuwa amemzidi umri kwa mwaka mmoja, maana aliuza vipuri vya baiskeli kwa baba yake miaka mingi kabla ya kupata nafasi chuoni. Alikuwa mpole, mtaratibu wa maneno, na macho yake yalikuwa na tabia ya kukutazama mpaka umalize kusema. Nani angeyaweza macho hayo? Walipendana kimya kimya. Wakakubaliana wasijitangaze chuoni mpaka amalize mwaka wa nne. Nangila, kwa kutaka kuwa mwaminifu ndani ya kosa, akamhamishia chumba cha kujalidi vitabu, chini ya mzee Makokha, ili asiwe akimsimamia uso kwa uso. Mzee Makokha ndiye aliyemjazia Farid karatasi kila siku. Akaandika “8–12”, asubuhi, mambo yakaenda.

Halafu mzee Makokha akaugua, akalazwa wiki tatu. Farid akawa anajijazia mwenyewe. Akaandika “2–6”.

Hapo ndipo palipozaa balaa. Watu wa huku bara tuna jambo moja la ajabu, na hatulioni kwa sababu tumelizoea: saa tunaisema kwa njia moja na kuiandika kwa njia nyingine. Mtu wa Kitale atakuambia mkutane saa mbili asubuhi, lakini mpe fomu aijaze, ataandika nane bila hata kufikiri. Shule ndiyo iliyotufundisha. Farid naye alizaliwa katika nyumba ambamo Kiswahili ndicho kilichombembeleza na ndicho kilichomgombeza, na daftari la mizigo la baba yake lilijazwa hivyo hivyo kinavyosemwa. Saa mbili hadi saa sita. Mbili hadi sita. Aliandika kama alivyofundishwa na baba yake.

Nangila akasoma saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni.

Na hata hapo pengine pasingeharibika kitu, kama si Joan wa dawati la mbele. Joan hakujua habari za mapenzi yao. Alikuwa anapiga domo tu.

“Nangila, si nimeona yule kijana wako wa kujalidi huko Kiminini,” alisema. “Ati saa tisa mchana. Anaingia kwa geti na msichana mweupe hivi, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Na hii ni mara ya tatu, bana!”

Mara ya tatu. Nangila akafungua droo, akatoa karatasi. Siku zote tatu zilikuwa na “2–6”. Damu ikampanda kichwani. Kwa hiyo alikuwa anadanganya chuo kwamba yuko kazini, na anamdanganya yeye kwamba anampenda, na uongo wote ameuweka kwenye mstari mmoja wa kalamu! Hakumpigia simu. Hakushuka ngazi kumi na nne kwenda chumba cha kujalidi kuuliza. Alikaa chini, akaandika ripoti kwa mwandiko mzuri: “Mwanafunzi hakuwepo kazini saa alizojaza.” Akatia sahihi. Akapiga muhuri.

Farid akaitwa mbele ya kamati. Akafutwa kwenye orodha ya kazi, akanyang'anywa chumba cha hosteli kilichoambatana na kazi hiyo, na barua yenye neno udanganyifu ikawekwa kwenye faili lake. Alhamisi akafunga begi, akaacha masomo, akarudi kwao. Simu yake ikazimwa.

Wiki ya nne mzee Makokha akarudi, amekonda, akaingia chumbani kwake na kukuta vitabu mia na hamsini vimejalidiwa na kupangwa.

“Na hii yote imefanywa na nani, malaika?” aliuliza.

Nangila alimwonyesha karatasi kwa kiburi kilichobaki. Mzee akaisogeza mbali na macho, akaisoma, akamtazama.

“Madam, hii si saa nane. Hii ni saa mbili. Huyu kijana anaandika vile anaongea. Kwani hukumuuliza?”

Daftari la askari wa lango lilisema hivyo hivyo. Kila asubuhi, saa mbili kasoro dakika chache, Farid Alwi aliingia. Nangila alilisoma mara mbili akiwa amesimama, halafu akakaa ghafla kwenye benchi la askari, na askari akadhani ana malaria.

Sasa tumrudie alipokaa kwenye mkeka.

Mama Hawo alirudi kutoka jikoni akikausha mikono, akakaa kwenye kiti cha mbao mkabala naye.

“Nikuulize kitu,” alisema. “Ulipoambiwa kwamba mwanangu anaonekana Kiminini, ulifikiri anafuata nini huko?”

Nangila aliisogeza gilasi pembeni.

“Sema tu. Mimi ni mwanamke kama wewe.”

“Nilifikiri ana mwingine, mama.”

“Mh!” Mama Hawo alitikisa kichwa pole pole. “Ile nyumba ni ya Mama Rosaline. Alikuwa jirani yangu hapa miaka kumi na moja, Mbukusu kama nyinyi. Watoto wangu wamekula kwake, wake wamekula kwangu. Yule msichana ni bintiye, Dinah, ana mchumba wake anafundisha huko Webuye. Farid alikuwa anaenda kufundishwa Kibukusu.”

“Kibukusu?”

“Eeh. Namna ya kumsalimu baba yako. Namna ya kukaa, aanze kusema saa gani, anyamaze saa gani. Ati mama yako asimpe mkono, kwamba kwenu mkwe hapeani mkono na mama mkwe. Akirudi hapa likizo ananisumbua jikoni, ‘Mulembe papa, mulembe papa,’ mpaka nikamwambia huyo papa ataniunguzia mandazi.” Sauti yake ilikatika kidogo. Akajikaza. “Mimi sikukutaka, msichana. Nisikufiche. Nilimwambia, watu wa kanisa na sisi hatuzikani pamoja, tutaoanaje? Baba yake pia alikataa. Mwanangu alitubembeleza miezi minane. Miezi minane! Tukakubali, tukapanga siku. Si ni Jumamosi ijayo hiyo tungekuja kwenu?”

“Ndiyo, mama.”

“Na kwenu umewaambia nini?”

“Sijawaambia kitu.” Machozi yalianza kumdondoka, akayaacha. “Nilitumaini.”

Kule nje viatu vilisikika vikivuliwa, na sauti ambayo Nangila aliitafuta simuni kwa wiki tano ikasema, “Asalaam aleikum.”

“Waaleikum salaam. Una mgeni,” mama yake alisema, akainuka. Alirudi jikoni na mlango akauacha wazi, kama inavyopasa.

Farid alisimama kizingitini. Alikuwa amepungua. Mikono yake ilikuwa na grisi kwenye kucha, mikono ile ile iliyokuwa ikinukia gundi ya vitabu. Alimtazama Nangila, na kwa muda mfupi sana, mfupi kuliko kupepesa jicho, uso wake ukafurahi wenyewe kabla hajauzuia. Nangila aliiona ile furaha, akaona pia ilivyozimwa.

“Habari ya Kitale?” Farid alisema, akakaa upande wa pili wa mkeka, mbali.

“Farid, nisamehe.”

“Habari ya mzee Makokha? Amepona?”

“Amepona. Farid, tafadhali.”

“Ulileta kitu?”

Akamkabidhi bahasha kwa mikono miwili. Farid aliifungua kwa makini, kama mtu anayejua thamani ya karatasi, akasoma barua mpaka mwisho. Ilisema makosa yalikuwa ya kusoma saa. Ilisema jina lake limesafishwa, hosteli amerudishiwa, kazi anayo akiitaka. Chini palikuwa na visanduku viwili, kimoja cha kurudi darasani na kimoja cha kurudi kazini, na mahali pa sahihi yake.

“Waliamini upesi,” alisema.

“Niliwaambia kila kitu. Kwamba ni mimi sikuuliza. Na nikawaambia habari yetu pia, mimi na wewe. Wamenitoa kwa usimamizi. Niko dawati la kuazimisha vitabu sasa.” Aliinua macho kumtazama. “Kwa hiyo hakuna sheria ya kutukataza tena, Farid. Unaona? Ile kitu ilikuwa inatuzuia imeisha.”

“Imeisha kweli,” Farid alijibu. “Zamani ilikuwa sheria. Sasa ni mimi.”

Alisema bila ukali, na laiti angesema kwa ukali. Nangila alishika pindo la leso yake kwa vidole vyote kumi.

“Ulikasirika. Una haki.”

“Sikukasirika. Unajua siku ile ya kamati nilikaa namna gani? Mkuu wa wanafunzi aliniuliza, saa nane ulikuwa wapi? Nikashangaa, nikataka kucheka. Nikajua tu ni shida ya saa, dakika mbili nimeimaliza. Nikafungua mdomo nieleze. Halafu akanigeuzia ile ripoti, nikaona sahihi yako.” Alitazama chini. “Nikafunga mdomo. Ningesema nini? Ningesema mchana nilikuwa Kiminini nafundishwa kuwa mkwe wa msimamizi wangu? Wangekufukuza wewe.”

“Ungesema! Si ungesema tu, wanifukuze!”

“Sikuweza.”

Nangila alilia kwa sauti. Kule jikoni sufuria iliwekwa chini, kisha kimya.

“Ilikuwa wivu,” alisema alipoweza. “Joan aliniambia uko na msichana, nikashikwa na wivu, nikawa mjinga. Wivu tu, Farid. Mtu hana wivu na mtu hampendi.”

“Wivu ningeusamehe. Ungekuja pale chini ukanitukana mbele ya mzee Makokha, ukanitupia vitabu, ningefurahi hata. Ningejua nina mtu.” Kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka. “Lakini hukuja. Ulikaa chini ukaandika taratibu. Ukatafuta muhuri. Na jioni ile ile, Nangila, jioni ile ile tulikula chapati kwa yule mama wa karibu na stendi. Ulinimiminia chai. Ukaniuliza habari ya mama yangu. Na ile ripoti ilikuwa tayari iko mezani kwao.”

Hilo Nangila alikuwa amelificha hata kwake mwenyewe kwa muda mrefu. Ni kweli alimmiminia chai. Ni kweli alitabasamu, huku moyoni akimngoja ajikwae mwenyewe, aungame, ili apate kumsamehe kwa fahari. Usiku wa jana alilikumbuka akakaa kitandani mpaka jogoo akawika. Angejitetea vipi? Hakuna neno la kulitetea jambo kama hilo, na aliyejaribu angeongeza aibu juu ya aibu.

“Nilikuwa nangoja uniambie,” alinong'ona.

“Na mimi nilikuwa nangoja uniulize. Kitu chochote. Mwaka mzima nimekwambia, ukiwa na shaka niulize, nitakujibu hata kama itaniumiza. Uliuliza karatasi. Uliuliza Joan. Mimi hukuniuliza.”

“Tangu uende sijarara, Farid. Hata siku moja sijarara vizuri.”

Akisisimka sana ulimi wa kwao ulimrudia, na l zikawa r. Farid alikuwa akimtania kwa hilo, akimwita mwalimu wa herufi, na Nangila akijifanya amekasirika. Sasa pembe ya mdomo wa Farid ilisogea kidogo. Nangila aliiona, akasonga mbele kwenye mkeka kwa magoti.

“Nifundishe basi vile nitafanya. Nitangoja. Mwaka, miaka miwili. Nikubali tu ningoje.”

“Usije karibu,” Farid alisema haraka. “Tafadhali. Ukija karibu nitashindwa, na nikishindwa tutaoana, na kila nikichelewa kurudi nyumbani nitakuwa naogopa umeandika nini. Siwezi kuishi hivyo. Wewe pia hutaweza.”

Nangila alirudi nyuma. Hakuwa na nguvu ya kubishana na ukweli.

Farid akachukua kalamu kutoka mfuko wa shati. Akatia alama kwenye kisanduku cha kurudi darasani, akatia sahihi. Kisanduku cha kurudi kazini akakiandikia “hapana”. Chini yake palikuwa na mstari unaouliza sababu. Alikaa na kalamu hewani, Nangila akiomba moyoni aandike lolote lile, chuki, hasira, jina lake hata kwa ubaya. Farid akaandika “hakuna”, akairudisha karatasi kwenye bahasha na kumpa Nangila.

“Nitakaa kwa shangazi yangu Moi's Bridge, niwe nikienda na kurudi mpaka mtihani. Tukikutana kwenye njia tutasalimiana.”

“Tutasalimiana tu?”

“Ndiyo.”

“Ulijifunza nini kule Kiminini?” aliuliza ghafla. Alijua hana haki ya kuuliza. “Ungesema nini kwa baba yangu? Niambie hata maneno mawili.”

Farid aliinuka. Alitazama dirishani kwa muda, macho yake yakimeremeta.

“Hayo yalikuwa ya baba yako,” alisema. “Ukifika msalimie.” Akapita jikoni, akatokea mlango wa nyuma, na Nangila akasikia maji ya bomba yakifunguliwa uani na kuachwa yamwagike muda mrefu.

Mama Hawo ndiye aliyemsindikiza. Walikwenda hadi mwisho wa uchochoro bila kusema. Pale barabara ya lami inapoanza, mama alimfungia leso iliyokuwa imelegea begani, kwa mikono yenye harufu ya unga.

“Mimi nilikukataa kwa dini yako,” alisema. “Yeye amekukataa kwa tabia. La kwangu lingeisha, mwanangu. La kwake sijui.”

Akageuka akarudi kwake.

Nangila alisimama mbele ya duka la magodoro, bahasha mkononi, hajui aende kushoto au kulia. Watu walimpita. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba mjukuu huyo huja akiwa mkubwa tayari. Simu ikalia ndani ya mkoba. Alipoona jina nusura aiache, kisha akaipokea, maana baba yake, Mwalimu Wakoli, si mtu wa kupiga simu ovyo. Mzee huyu alikuwa ameapa mbele ya ukoo wote kwamba binti yake hataolewa msikitini yeye akiwa hai. Alikubali mwezi uliopita tu, kwa kunung'unika, kwa maneno matatu, “Basi waje tuwaone.”

“Nangila! Uko mahali naweza kukuongelesha?”

“Niko, papa.”

“Sikiza. Leo nimekuwa hapa mjini Bungoma tangu asubuhi. Usicheke. Nilienda msikiti mimi mwenyewe. Nikauliza mzee mmoja hapo, nikamwambia, nina wageni wa dini yenu Jumamosi, na hawakuli nyama sijui imechinjwa na nani. Akanisikiza vizuri sana, ni mtu mzuri. Amesema atakuja mwenyewe achinje ng'ombe mbele yangu, kila kitu kiwe halali.” Mzee alikuwa anaongea kwa haraka, kwa fahari ya mtu aliyefanya jambo gumu na likamfaa. “Na mama yako amenunua sufuria mpya. Tatu. Ati zile za zamani hatukumbuki zimepika nini. Kwa hiyo mwambie huyo kijana asiogope. Mwambie atakula kwangu kama mtoto wa nyumbani. Nangila? Si unanisikia?”

“Papa.”

“Eeh.”

“Usichinje.”

Simuni Nangila alisikia pikipiki, na mtu akiuza mahindi ya kuchoma, hapo hapo mjini, pengine mtaa wa pili.

“Kwani wamesongesha siku?”

“Hapana, papa. Hawakuji tena. Na si kwa sababu ya dini. Ni mimi nilimkosea, nilimkosea sana, na yeye ameachana na mimi.” Hapo sauti ilimkatika. Hakuwahi kumwambia baba yake jambo la moyo katika maisha yake yote.

Alingoja karipio. Alikuwa na haki ya kukaripiwa, na angalau karipio lingekuwa na mwisho. Mwalimu Wakoli alikohoa mara mbili, kama alivyokohoa zamani kabla ya kuingia darasani.

“Uko wapi?” aliuliza.

“Bungoma. Karibu na msikiti. Mbere ya duka ya magodoro.”

“Kaa hapo hapo. Usipande gari na hayo machozi. Ng'ombe tutamrudisha malishoni, yeye hana haraka. Nakuja kukuchukua twende nyumbani.”

Nangila akakaa kwenye ngazi za duka, akafunika uso kwa leso, akalia mbele ya watu wote.